Chai ya Ulimi-wa-Moto

Nchi ninayoisimulia haipo. Msiitafute kwenye ramani, na mkiiona kwenye ramani basi kosa ni la mchora ramani, mkamshitaki yeye. Mimi nilizaliwa huko, nikalelewa huko, na kwa miaka mingi nilikuwa na kazi ya serikali huko, kwa hiyo mnaweza kuniamini kabisa ninapowaambia kwamba haipo.

Nembo ya nchi hiyo ni ua. Wenzetu wana simba, wana tai, wana ngao na mikuki. Sisi tuna ua litambaalo, jekundu na njano, ambalo petali zake zimepinda kwenda juu kama moto wa kuni. Ndiyo maana tunaliita Ulimi-wa-Moto. Halina shina la kujisimamia. Ncha za majani yake hujiviringa na kukamata chochote kilicho karibu, ufito, waya, mguu wa kiti, kisha ua hupanda hapo na kukifunika. Chini ya ardhi lina kiazi chenye pembe mbili, kinachofanana na kiazi kikuu kichanga. Ni ua zuri. Nalisema hilo kwa moyo wangu wote, na ningelisema hata kama isingekuwa sheria.

Sheria inasema kila nyumba ipande Ulimi-wa-Moto mlangoni, na kila asubuhi, kabla ya kupiga mswaki, watu wa nyumba hiyo wasimame mbele yake waseme, "Shikamoo, Ua." Hapo mwanzo palitokea tatizo, maana Ua halikuitikia, na mwananchi anayetoa shikamoo isiyoitikiwa huanza kuwaza mambo. Serikali ikaona mbali. Ikaunda cheo cha Mwitikiaji wa Mtaa, mtu wa kupita mlango kwa mlango akisema "Marahaba" kwa niaba ya Ua. Mtaa wa Kisimani, Mwitikiaji nilikuwa mimi. Nilipewa kofia nyekundu yenye ukingo wa njano, na sauti yangu ya marahaba ilisifiwa hadi wilayani. Ilikuwa nzito, ya polepole, ya kimaua kabisa.

*

Lipo neno moja lisilotamkwa karibu na Ua. Mimi nimezoea kutolitamka, na hapa tulipofika bado sijalitamka.

Aliyelitunga katazo hilo ni Mlezi Mkuu wa kwanza, baba wa huyu nitakayewaeleza. Alikuwa mtoto wa mkulima, akilijua vizuri ua alilolichagua, na alijua kwamba nembo ya taifa haifai kusemwa vibaya. Mara baada ya sheria kutoka, Mzee Mfaume wa mtaani kwetu alimwona mjukuu wake akitaka kutafuna jani la Ua, akapiga kelele, na katika kelele hizo neno likamtoka. Akafikishwa mahakamani.

"Ulilitamka?" hakimu akamuuliza.

"Nilikuwa namwokoa mtoto, mheshimiwa."

"Mahakama haijauliza ulikuwa unamwokoa nani."

Mzee Mfaume akapelekwa mahali fulani kupumzisha ulimi, na anaupumzisha mpaka leo. Nyumba yake imefungwa, na Ua lake limepanda hadi kwenye paa. Tangu hapo sisi tukajifunza kusema vizuri. Tunawaambia watoto, "Usiliguse, lina heshima zake." Mtu akila kiazi kwa kudanganyika, au kwa kukata tamaa, hospitali huandika kwamba amezidiwa na heshima. Watu wote walielewa.

Nikisema wote nakosea kidogo. Mlezi Mkuu wa kwanza alipofariki, nchi ikamwangukia mwanawe, kijana mnene mwenye moyo mkunjufu, aliyekulia Ikulu na kusomea ng'ambo. Baba alijua alichokificha. Mtoto alikuta kimekwisha kufichwa, na wa kumwambia hakuwepo, kwa kuwa sheria ilikuwa inafanya kazi vizuri sana.

*

Jirani yangu alikuwa Bi Semeni, mjane, mpishi wa pombe ya mtama. Alikuwa na mtoto mmoja tu duniani, binti aitwaye Somoe, wa umri ule wa kung'oka meno ya mbele, mwenye maswali mengi na mafua yasiyokwisha.

Kwa Bi Semeni ndiko tulikokuwa tukimalizia jioni zetu, na kwake mila ilifuatwa. Katika nchi hiyo isiyokuwepo, mwenyeji huonja kwanza. Hata uwe umekunywa kwake tangu ujana wako, hakupi kata mpaka yeye mwenyewe amepiga funda moja mbele ya macho yako. Tunaiita kuondoa shaka. Na wewe mgeni ukishapewa huinamii kata papo hapo kama ng'ombe aliyefika mtoni. Unauliza kwanza habari za nyumbani, moja baada ya nyingine, na mtu wa heshima hakatizi salamu za mwenzake. Kuna watu waliokufa bila kuhitimisha salamu, nasi tunawataja kwa sifa.

Siku moja mbuzi wa Bi Semeni alikata kamba akaila nembo ya taifa, majani na maua yake. Kufika jioni alikuwa amelala ubavu, miguu imekakamaa. Kesho yake akashitakiwa. Mashitaka yalikuwa mawili: kuitafuna nembo, na kufa kwa namna ya kuipaka matope. Mwendesha mashitaka alizungumza vizuri hadi machozi yakamtoka, akauliza kama kweli hapakuwa na mahali pengine pa kufia. Marehemu akapatikana na hatia.

Nyama ilipelekwa kituoni kama kielelezo, na kama ilivyo desturi ya vielelezo vyenye mafuta, ikahifadhiwa tumboni mwa askari. Wawili kati yao walizidiwa na heshima. Walizikwa kwa mizinga, na Mlezi Mkuu aliambiwa ni malaria. Bi Semeni hakufungwa. Aliambiwa tu kwamba nyumba yake ina doa, na kwamba serikali itatafuta siku ya kumsaidia kulifuta.

*

Siku hiyo ilikuja na Jubilei ya Ua. Mlezi Mkuu alitangaza mwenyewe, na vipaza sauti vya mitaani vikaileta sauti yake mpaka majikoni.

"Ndugu wananchi! Bendera tunaipandisha mlingotini. Wimbo wa taifa tunauimba kwa vinywa vyetu. Lakini Ua! Ua tumeliacha nje mlangoni kama mgeni tusiyemjua! Nauliza, mpaka lini Ua litakaa nje ya mwananchi?"

Umati uliokuwa mbele yake ukashangilia, maana ulidhani ataongeza siku ya mapumziko.

"Nimeamua! Siku ya Jubilei, kila raia atakunywa chai ya kiazi cha Ua. Nembo itaingia tumboni, itapita kwenye damu, na kuanzia siku hiyo hakuna adui atakayeweza kututenganisha nayo!"

Hilo la mwisho lilikuwa kweli tupu.

Vipaza sauti vikanyamaza. Tukasikia upepo tu. Kisha makofi ya mtu mmoja yakaanza, tukaambiwa baadaye kwamba ni ya Mheshimiwa Lugongo, Waziri wa Hadhi ya Ua. Huyu alikulia milimani, ambako zamani walikitwanga kiazi hicho kuulia fisi. Alipiga makofi mpaka wengine wakajiunga, kisha akasimama na kuomba kuongeza neno dogo: kwamba kwa kuwa watoto ndio taifa la kesho, ingependeza waanze watoto.

Wiki ile mtaa wetu ulikuwa mpole ajabu. Waliokosana walipatana. Shangazi zangu wawili, ambao hawakusemezana tangu harusi fulani, walionekana kibarazani wakisukana nywele. Hakuna aliyeuliza sababu.

*

Waziri Lugongo alikuja mwenyewe kwa Bi Semeni, gari lake limefungwa ua la plastiki kwenye boneti. Mimi nilikuwepo, nimekaa pembeni na kofia yangu magotini, nikisubiri pombe ichujwe.

"Bi Semeni, serikali haina kinyongo," alisema. "Suala la mbuzi wako limefika mwisho. Mwanao Somoe amechaguliwa kuwa mtu wa kwanza kunywa Chai ya Taifa, uwanjani, mbele ya Mlezi Mkuu."

Bi Semeni akaweka kata chini. "Mheshimiwa, Somoe ana homa."

"Chai itamponya."

"Hapendi vitu vichungu."

"Itatiwa sukari. Sukari ya kutosha imeagizwa."

"Basi nakuomba ninywe mimi mahali pake. Mbuzi alikuwa wangu, mtoto hana kosa."

"Zamu yako ipo, mama, wala usiwe na haraka. Kila raia ana zamu yake."

Bi Semeni alimtazama sana. "Mheshimiwa, wewe si mtu wa milimani?"

"Mimi ni mtu wa taifa."

"Bibi yako hakukuambia kitu kuhusu kiazi hiki?"

Waziri akageuza macho, akaniona mimi na kofia yangu. "Bibi yangu aliniambia kina heshima," akasema, kila neno peke yake.

Nje, Somoe alikuwa anaruka kamba na kujihesabia kwa sauti. Bi Semeni alimsikiliza kidogo, kisha akauliza swali ambalo mimi niliona halina maana.

"Na mwenyeji wa karamu hiyo ni nani?"

"Mlezi Mkuu mwenyewe. Yeye ndiye mwenyeji wa sisi sote."

"Nimeshukuru, Mheshimiwa."

Gari lilipoondoka, alinigeukia. "Kaka, wewe kila siku unalisemea ua. Leo nisemee mimi. Nenda hapo barabarani ulitaje lile neno mara moja tu, watu walisikie kwa mtu mwenye kofia."

Nikamwambia koo limenikauka. Akachota pombe, akaonja, akanipa. "Kunywa," akasema, "lakini hata ukimaliza pipa zima koo lako halitalainika." Nilikunywa, kwa kuwa nilikuwa na kiu, na aibu niliyoisikia haikunizuia kuomba kata ya pili.

*

Asubuhi ya Jubilei uwanja ulijaa mpaka kwenye kuta. Chai ilikuwa inachemka katika masufuria yale makubwa ya pilau la harusi, na wapishi wa Wizara walijifunga vitambaa puani, tukaambiwa ni kwa heshima. Watu walikaa na watoto wao mapajani. Sijawahi kuona umati mkubwa kiasi kile ukinong'ona.

Mlezi Mkuu alipanda jukwaani akitabasamu na kufuta jasho. Somoe alisimama mbele yake na gauni jeupe, mama yake kando. Sisi Waitikiaji tulipangwa mstari wa mbele. Kikombe cha fedha kikajazwa, na Mlezi akakipokea ili amkabidhi mtoto.

"Karibu, mwanangu. Kunywa."

Bi Semeni akapiga magoti. "Mtukufu, nisamehe. Sisi watu wa chini tuna mila zetu. Mwenyeji huonja kwanza."

Waziri Lugongo akaruka kutoka kitini. "Mtukufu, mama huyu anaitilia shaka nembo! Huyu ndiye yule wa mbuzi!"

"Kaa chini, Lugongo," alisema Mlezi, akicheka. "Mama anasema kweli. Hata bibi yangu alikuwa akifanya hivyo. Leo mimi ndiye mwenyeji!"

Akakiinua kikombe. Mimi nilikuwa karibu na jukwaa, nikamwona Waziri akifungua mdomo. Neno lilikuwa limefika kwenye meno yake, naapa. Kisha akaufunga. Akakaa, akakunja mikono juu ya tumbo, na usoni pake pakaingia utulivu ambao sikuupenda.

Mlezi Mkuu hakuonja. Alikunywa kikombe kizima, ili tuone. Akajipangusa midomo, akasogelea kipaza sauti. "Chungu kidogo," akasema, "kama uhuru!"

Tukapiga makofi. Na baada ya makofi hakikutokea kitu. Alikuwa amesimama palepale, mzima, anapunga mkono. Ninyi msiolijua Ua mtashangaa, lakini sisi tulijua kwamba heshima yake haina pupa. Humwacha mtu amalize hotuba, awasalimie wageni, pengine ale na chakula cha mchana. Bi Semeni alitegemea kwamba mkubwa yule angeogopa kuonja na shughuli ingeishia hapo. Hakutegemea kwamba mkubwa yule hajui. Niliuona uso wake ukimshuka.

Kikombe kikajazwa tena. Mlezi akainama kwa upendo, akakiweka katika mikono ya Somoe. "Sasa shaka imeondoka," akasema.

*

"Shikamoo, Mtukufu," alisema Bi Semeni.

Alikuwa bado amepiga magoti. Mlezi akamtazama kwa mshangao. "Marahaba, mama. Haya, mtoto anywe."

"Habari za Ikulu?"

"Njema."

"Mama watoto hajambo?"

"Hajambo."

"Watoto nao?"

"Hawajambo."

"Na yule mdogo, kikohozi kimepoa?"

"Kimepoa!" Mlezi akafurahi. "Umejuaje?"

"Mtoto wako akikohoa, Mtukufu, nchi nzima hailali."

Watu wakacheka, na yeye akacheka, akavuta kiti akakaa, maana salamu zilishaanza na salamu hazikatizwi. Bi Semeni akauliza habari za mama mkwe, za shemeji, za ng'ombe wa kwao, za mvua ya kwao, za majirani wa kwao upande huu na upande ule. Jua likapanda. Somoe alisimama na kikombe mikononi, jasho linamtiririka, akakitazama kikombe, akamtazama mama yake.

"Mama, nina kiu."

Kipaza sauti kilikuwa karibu, kila mtu akasikia. Hakuna aliyecheka.

"Subiri, mwanangu. Watu wazima wanasalimiana."

Akaendelea mpaka sauti ikakauka. Akauliza habari za mabinamu. Akauliza habari za kuku. Halafu akanyamaza, midomo inamcheza bila kutoa kitu, na Mlezi akaanza kunyanyuka kitini. Hapo sauti ya kikongwe ikatoka majukwaani juu kabisa.

"Jamani, na mimi sijamsalimia!"

Akashuka na mkongojo wake, ngazi kwa ngazi, bila haraka hata kidogo. Nyuma yake akasimama mwingine, na mwingine, kisha safu nzima. Polisi walikwenda kuizuia foleni wakakuta mama zao wamo ndani. Kila mtu alipiga goti, kila mtu aliuliza habari za Ikulu, za watoto, za kikohozi. Mlezi aliitikia wote. Machozi yalimlengalenga. "Sikujua kwamba wananipenda hivi," alimwambia Waziri, na Waziri akamjibu kwamba wanampenda kuliko anavyofikiri.

Nilimwonea huruma, nalisema wazi. Katika foleni nzima hapakuwa na mtu mmoja aliyemnong'oneza aende akatapike. Tulimsalimia tu, tukimtazama usoni, tukisubiri, na mimi nilikuwa nasubiri kama wengine.

Alasiri Waziri Lugongo alisimama. "Salamu zimetosha! Mtoto anywe!" Polisi wakaikata foleni kwa virungu. Somoe, ambaye midomo yake ilikuwa imekauka mpaka imepasuka, akakiinua kikombe kwa mikono miwili. Bi Semeni alinitazama. Hakuniomba kitu. Alinitazama tu.

Miguu yangu ilinyanyuka kabla yangu. "Mtukufu!" nikasema, kwa ile sauti yangu ya kimaua. "Bado Ua lenyewe halijakusalimia!"

Sheria iko wazi: Ua likisema, kila mtu husimama wima na mikono yake chini. Waziri akasimama. Polisi wakasimama. Somoe, mtoto aliyefundishwa vizuri shuleni, akashusha mikono, na kikombe kikashuka nayo.

"Ua la nyumba ya Bi Semeni linakusalimu, Mtukufu."

"Nashukuru."

"Ua la nyumba ya fundi baiskeli linakusalimu."

"Nashukuru sana."

"Ua la nyumba ya Mzee Mfaume, ambaye hayupo, linakusalimu."

Nilizunguka mtaa mzima, mlango kwa mlango. Nilipofika upande wa kisimani Mlezi Mkuu hakuitikia. Alikuwa ameshika koo kwa mkono mmoja na tumbo kwa mkono wa pili, na usoni alikuwa na mshangao wa mtu aliyeitwa kwa jina asilolijua. Akajikunja. Kiti kikaanguka. Watu wote walipokuwa wanatazama jukwaani, Bi Semeni alikitoa kikombe katika mikono ya mwanawe, akakimwaga chini taratibu, akambeba, akaondoka.

*

Daktari wa Ikulu alifika mbio, akauliza mgonjwa amekula nini.

"Amezidiwa na heshima," alisema Waziri Lugongo.

Daktari alielewa palepale, rangi ikampotea. Lakini ili aagize dawa alitakiwa kulitaja lile neno, na kibali cha kulitaja hutolewa na Mlezi Mkuu peke yake. Wakamwinamia wamwombe. Alikuwa anatapika. Baraza la Mawaziri likaitishwa kujadili kama kutapika ni kibali, na mwenyekiti wa kikao alikuwa Mheshimiwa Lugongo, ambaye alisisitiza kwamba jambo zito kama hilo lisiamuliwe kwa pupa. Likaahirishwa, likarudi, likaahirishwa tena. Mlezi Mkuu hakumaliza wiki. Ilitangazwa kwamba amefariki kwa kulipenda taifa kupita kiasi.

Kwenye kaburi lake wakapanda Ulimi-wa-Moto.

Mlezi Mkuu mpya alihutubia siku ya mazishi. Ilikuwa sauti ya Lugongo, na sisi wa Kisimani tuliisikiliza tukiwa tumesimama kibarazani kwa Bi Semeni.

"Ndugu wananchi, Chai ya Taifa haikufutwa. Imeahirishwa. Tutainywa baada ya arobaini. Nimeona mila zetu zinavyopendwa, nami naziheshimu. Mwenyeji ataonja kwanza. Lakini mwenyeji wa mtoto ni nani, kama si mzazi wake? Kila mzazi ataonja, kisha atamnywesha mwanawe. Na kwa kuwa salamu ndefu zimetugharimu kiongozi, kuanzia leo salamu ni kupunga mkono mara moja."

Fundi baiskeli akasema, kwa matumaini, kwamba huenda naye ataonja, na mambo yatakuwa kama yale.

"Hataonja," alisema Bi Semeni. Alikuwa amemshika Somoe begani, vidole vimezama kwenye gauni. "Yule alikuwa hajui. Huyu anajua."

Tukatawanyika, kila mtu nyumbani kwake.

*

Kesho yake niliamka mapema, nikavaa kofia, nikaanza mzunguko wangu. Mwisho wa mtaa gari la Wizara lilikuwa limeegeshwa, vioo vimefunguliwa, ua la plastiki kwenye boneti. Ndani walikuwa wamekaa watu wawili wanasikiliza. Watu wa Kisimani walikuwa wameshatoka milangoni, kila familia mbele ya Ua lake, na hakuna aliyekuwa amefungua mdomo.

Nikaanza kwa Bi Semeni kama kawaida. Alikuwa amesimama na Somoe. Ua lake, lile ambalo mbuzi aliliacha bila kitu, lilikuwa limechipua upya na kushika mlango. Nikasubiri shikamoo.

Bi Semeni alilitazama Ua, akalitazama gari, akavuta pumzi.

"Sumu," akasema.

Hakupiga kelele, lakini mtaa ulikuwa kimya, likasikika mpaka kisimani. Milango miwili ya gari ikafunguka kwa pamoja.

"Sumu," akasema Somoe, aliyekuwa amezoea kulisalimu Ua baada ya mama yake.

Nikahisi mtaa mzima umenigeukia. Mimi kazi yangu ni moja tu, kuitikia kwa niaba ya Ua. Nikasikia viatu vya wale watu vinakuja nyuma yangu juu ya kokoto. Nikavua kofia, nikasafisha koo, na kwa ile sauti iliyosifiwa hadi wilayani nikaitikia.

"Marahaba."